Mwaka wa Mwanagenzi Hauanzi Januari



Nimeombwa nieleze mwaka wa mafunzo ya uanagenzi unavyokwenda, tangu kijana anapopokelewa mpaka anapokabidhiwa cheti. Kwa kalenda ya ofisini ningemaliza kwa dakika tano. Fomu zinatolewa, usaili unafanyika, masomo yanaanza Januari, kuna likizo, kuna kipindi cha mafunzo kazini, mwaka unapoelekea ukingoni kuna mitihani, kisha ngazi ya pili na ya tatu. Utaratibu huo umekua tangu Bunge lilipotunga sheria ya kuanzisha VETA, mamlaka ya ufundi stadi nchini, mwaka 1994, na sikuja kuubeza. Kabla yake kijana aliweza kushika spana ya mwenzake miaka mingi na asiwe na karatasi hata moja ya kumtambulisha kwa mwajiri.

Lakini iko kalenda nyingine, ambayo haikuandikwa na ofisi yoyote. Ni ya mvua, mavuno, sikukuu, na siku ambazo watu wana fedha mfukoni. Fundi anaishi kwa hiyo. Mwanagenzi aliyeko kwa fundi anaishi kwa hiyo pia, apende asipende. Tatizo ninalolileta mbele yenu leo ni kwamba kalenda hizi mbili hazisalimiani. Matokeo yake, tunawarudisha vijana nyumbani msimu ambao wangefundika vizuri, na tunawafungia darasani msimu ambao kazi imejaa mpaka mlangoni.

Tuanze na Januari yenyewe, kwa kuwa ndipo tunapopenda kuanzia. Kijana amemaliza mtihani wa kidato cha nne Novemba, matokeo bado yananing'inia, mzazi amechoka kumwona nyumbani. Analetwa kwenye karakana. Akiletwa kwa mshonaji, ameletwa wakati mbaya kuliko wote. Orodha za waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hutoka Desemba, na shule zinafunguliwa Januari. Tangu mwaka 2016 ada imefutwa mpaka kidato cha nne, lakini sare haikufutwa, na mtoto harudishwi nyumbani kwa ada siku hizi bali kwa sketi. Kwa hiyo mshonaji wa Januari ana rundo la vitambaa linalomfika kiunoni, simu hailali, na wazazi wamesimama mlangoni wakiapa kwamba walileta kitambaa wiki iliyopita. Hana muda wa kumweleza mgeni tofauti ya mshono huu na ule. Anamkabidhi mkasi wa kukatia nyuzi, anamwonyesha pasi ilipo, basi.

Wazazi huwa wanalalamika: mwanangu ana wiki tatu anakata nyuzi tu. Mimi nawaambia wamwache. Kama ana macho, wiki hizo atajifunza jambo ambalo kwenye mtaala linakuja baadaye sana, nalo ni mpangilio wa kazi ya wingi. Ataona kwamba mashati ya shule hayashonwi moja baada ya jingine. Kola zote hupita kwanza, kisha mikono yote, kisha vifuko, na oveloki inasubiri mwisho wa mstari. Ataona sketi ya marinda inavyopigwa pasi kabla ya mkanda wa kiuno kushonwa, kwa sababu ukiwahi mkanda wakati marinda hayajalala, sketi itakaa upande na dawa yake ni kufumua yote. Hayo huyaoni Juni, kwani Juni mteja anakuja na gauni moja la sendoff na maelezo ya saa nzima.

Mwaka wa mshonaji una tabia nyingine inayowatoa jasho wapanga ratiba: sehemu yake moja inatembea. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko wa kawaida, kwa hiyo msimu wa kanzu na nguo za watoto wa Idd unarudi nyuma kila mwaka, mpaka unapita miezi yote. Wenye umri wangu wanakumbuka mwaka 2000: Idd el-Fitri iliangukia mwanzoni mwa Januari, ikarudi tena mwishoni mwa Desemba mwaka uleule, juu ya Krismasi na sare. Mafundi walishona usiku kucha. Kwa hesabu za mwandamo, mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, Januari na tena Desemba. Anayepanga mafunzo ya ushonaji ya mwaka huo na akaweka mapokezi ya wanafunzi wapya Januari kwa sababu ndivyo tulivyozoea, atakuwa amewapeleka vijana kwa mafundi ambao hata kula hawapati nafasi. Jambo hili linajulikana miaka minne au mitano mapema. Sioni kwa nini litushtue.

Sasa niwapeleke kwenye masika, maana huko ndiko nilikokusudia kukaa.

Mvua za Machi hadi Mei zikishika, saiti za ujenzi zinapoa. Msingi unajaa maji, lori la mchanga linakwama, mwenye nyumba anasema tusubiri. Fundi mkuu anawaita vijana anawaambia nendeni nyumbani, nitawapigia. Wengine hawapigiwi. Wengine wanapigiwa wakati wameshapata kazi ya bodaboda au wamerudi kijijini kulima, na ukiniuliza ni mwezi gani tunapoteza wanagenzi wengi wa uashi nitakujibu bila kufungua daftari: Aprili. Hawakushindwa ufundi. Walikosa nauli na mlo wa mchana, kwa sababu posho ya mwanagenzi inatoka kwenye kazi ya siku, na siku haina kazi.

Nasema hivi kwa masikitiko kwa sababu masika ni darasa. Nitatoa mfano mmoja tu, wa mchanga, kisha mnipime.

Kila mwanagenzi wa uashi anafundishwa zege la moja kwa mbili kwa nne: saruji kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto vinne. Anapewa boksi, anajaza, anamwaga. Kiangazi hesabu hiyo inakwenda vizuri. Masika lundo la mchanga limelala nje limenyeshewa, limekauka kidogo, likanyeshewa tena. Mchanga wenye unyevu kiasi huvimba. Kila punje inazungukwa na utando mwembamba wa maji unaoitenga na jirani yake, na lundo linachukua nafasi kubwa kuliko stahili yake. Mchanga laini unaweza kuongezeka robo ya ujazo wake, na hata zaidi. Kijana anajaza boksi mpaka juu, anasawazisha kwa ubao, anaamini amepima. Boksi limejaa, mchanga haukutimia. Zege linatoka limechoka, kokoto zinaonekana, matundu yanabaki kwenye nguzo. Na kosa la pili linafuata la kwanza: mchanga ule tayari una maji, lakini anaongeza ndoo zilezile alizozoea Agosti. Zege linakuwa uji, na uji ukikauka hauna nguvu.

Kulithibitisha hili hakuhitaji maabara. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, jaza mchanga wenye unyevu mpaka nusu bila kuushindilia, weka alama. Mimina maji mpaka yaupite, koroga kwa kijiti, uache utulie. Mchanga utashuka chini ya alama, kwa sababu ukilowa kabisa unarudi kwenye ujazo wa mchanga mkavu. Linganisha upungufu huo na kimo cha mchanga uliotulia: sehemu hiyo ndiyo unayoongeza kwenye boksi. Nimewaona vijana waliokuwa wakisinzia darasani wakisogea mbele kuitazama chupa hiyo, na mafundi wazee pia, wengine wakiwa wamejenga maghorofa kwa kukisia.

Masika yana mengine. Ndiyo miezi ya kuona paa linavuja wapi, kenchi zilizokosewa mteremko zinafanya nini, ukuta usio na karatasi ya kuzuia unyevu unavyonyonya maji kutoka chini, mtaro uliochimbwa bila kuhesabu mteremko unavyomrudishia mwenye nyumba maji yake sebuleni. Mpeleke mwanagenzi kwenye nyumba aliyoisaidia kujenga mwaka uliopita, siku inayonyesha, asimame ndani atazame. Na siku ambazo haiwezekani kutoka, kuna kazi za chini ya bati: kukunja nondo, kusoma ramani, kukadiria vifaa, kuandika makisio ambayo mteja atayaelewa. Mafundi wetu wengi wanajenga vizuri na wanakadiria vibaya. Wanapata hasara kwenye karatasi kabla hawajagusa mwiko. Hesabu hizo hazifundishiki Septemba juu ya jukwaa huku zege linasubiri.

Kiangazi nacho kina somo lake, kinyume cha hilo. Jua la Agosti hapa Morogoro, na zaidi kule Dodoma, linakausha jamvi kabla saruji haijamaliza kazi yake. Nguvu ya zege tunaipima siku ya 28, lakini siku 7 za mwanzo ndizo za kumwagilia na kufunika kwa magunia mabichi bila mzaha. Kijana aliyefundishwa kipindi cha mvua tu hajui ulinzi huo, kwa sababu mvua ilimfanyia kazi.

Mwanagenzi anahitaji misimu yote miwili, na hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengine. Serikali, kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, imekuwa ikiwalipia vijana mafunzo ya uanagenzi, na kozi nyingi ni za miezi sita. Ni hatua kubwa. Wapo vijana waliotoka mitaani wakaingia Don Bosco na vyuo vingine kwa mlango huo na leo wanajitegemea. Ila miezi sita mfululizo ni nusu ya mwaka. Aliyeanza Julai akamaliza Desemba ameona kiangazi na vuli kidogo. Hajui mchanga uliovimba. Anakabidhiwa cheti, anapata saiti yake ya kwanza Machi, na sifa ya programu nzima inaning'inia kwenye nguzo yenye matundu. Zamani, kabla ya vyeti, mwanafunzi wa ufundi alimaliza kwa kumtolea fundi wake kilemba siku fundi aliporidhika. Mfumo ule ulikuwa na dhuluma zake, wapo waliowekwa miaka bila sababu wakichota maji. Lakini hakuna aliyepewa ruhusa kabla ya kupitia mvua na jua.

Msije mkadhani masika yanalaza kila ufundi. Hapahapa mkoani, viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa huzima mitambo wakati huohuo, kwa sababu miwa haitolewi shambani kwenye matope. Kuzima huko ndiko sikukuu ya mafundi mitambo, wachomeleaji na mafundi umeme. Rola zinavuliwa, bomba za boila zinakaguliwa, pampu zinafunguliwa mpaka boliti ya mwisho. Mwanagenzi akiwepo wiki hizo ataona matumbo ya mtambo ambao msimu wa kusaga anaruhusiwa kuuona kwa mbali tu, unanguruma. Vyuo vyetu vingi wakati huo vina ratiba ya darasani au likizo ya Pasaka. Kwa hiyo mwezi uleule, mwashi anafukuzwa kwa kukosa kazi na fitta anazuiwa asiifuate kazi ilipo. Kalenda moja kwa fani zote ndiyo inayoleta kichekesho hiki.

Fani nyingine nitazipitia haraka. Mafundi wa trekta na pawatila wana homa kabla ya kilimo, na wa kombaini wakati wa kuvuna mpunga. Mafundi wa majahazi kule Nungwi na Lamu wanafuata pepo na mwezi: kusi likivuma sana vyombo vingi vidogo vinapandishwa pwani vikatiwe kalafati, na chombo kizito hakishushwi ila kwa bamvua, maji yanapojaa kuliko siku nyingine. Hakuna mkuu wa chuo anayeweza kuiahirisha bamvua. Seremala naye anategemea madawati, harusi, na bajeti ya Serikali, ambayo mwaka wake unaanza tarehe 1 Julai na kufungwa tarehe 30 Juni. Mwenye zabuni ya halmashauri anajua Mei na Juni zilivyo, fedha isiyotumika inarudi, na kila ofisi inataka viti vyake kesho.

Watu huniuliza kuhusu Ujerumani, kwa kuwa VETA ilishirikiana na chama cha mafundi cha Hamburg kujaribu mafunzo ya pande mbili, chuoni na kazini. Kule mkataba wa mwanagenzi kwa kawaida huanza Agosti au Septemba na kudumu miaka mitatu au mitatu na nusu. Anakwenda shule siku moja au mbili kwa wiki, au kwa vipindi vya wiki kadhaa mfululizo, na zilizobaki yuko kwa mwajiri, analipwa, na anaandika daftari la kazi ambalo bila hilo hakubaliwi kufanya mtihani wa mwisho. Kipindi cha kupimana, ambapo kila upande unaweza kuvunja mkataba, hakizidi miezi minne. Baridi inaposimamisha ujenzi, kuna fidia ya mishahara ya Desemba hadi Machi ili kampuni isiwafukuze wafanyakazi wake kisha ikawatafute upya. Sitaki tuige miezi yao. Theluji si yetu. Ninachokitamani ni ule ukweli kwamba wamekaa chini, shule, waajiri na serikali, wakakubaliana kwamba msimu mbaya upo kila mwaka, wakaupangia fungu lake. Sisi masika yanakuja tangu enzi za mababu na kila Aprili tunashangaa.

Mwisho wa mwaka nao una kisa chake. Nendeni Kilimanjaro Desemba. Wenyeji wanarudi kutoka Dar es Salaam na Arusha, mifuko imejaa, kila mmoja anataka nyumba ya kijijini ipigwe lipu na rangi kabla ya Krismasi. Fundi anatafuta mikono kila kona. Mwanagenzi aliyemaliza mwaka mzima akibeba karai sasa angepewa ukuta wake mwenyewe, apimwe mbele ya mteja anayelipa, mwenye haraka, anayegonga lipu kwa kidole kusikia kama kuna uwazi nyuma yake. Mtihani gani unazidi huo? Lakini miezi hiyo ndiyo ya mitihani ya karatasi na kufunga vyuo. Kijana anafanya zoezi la kujenga ukuta mfupi uani kwa chuo, unapigwa alama, unabomolewa, matofali yanatumika tena mwakani.

Nisieleweke kwamba karatasi haina maana. Mtihani wa taifa unamlinda kijana dhidi ya fundi mwenye chuki, na unamlinda mteja dhidi ya fundi wa kujipachika. Ninachoomba ni tarehe nyingine.

Kwa hiyo, mafundi wakuu, kabla ya kupokea vijana wapya, andikeni miezi 12 ya kazi zenu kama ilivyo, siyo kama mnavyotamani iwe. Miezi ya wateja wengi wekeni vijana wa mwaka wa pili mbele na wapya nyuma yao. Miezi haba wekeni mafundisho, na tengeni posho yake tangu miezi ya neema, hata kama ni ya nauli na chakula tu. Ni gharama ndogo kuliko kumfundisha kijana mpya kila Juni. Wazazi, mnapomleta mtoto muulizeni fundi swali moja: mvua zikinyesha, mwanangu atakuwa wapi? Asiye na jibu, tafuteni mwingine.

Walimu wenzangu, pangeni wiki za darasani za waashi ziangukie masika, na za mafundi mitambo ziyakimbie. Na kwa wakubwa wa VETA na wa wizara, mlio hapa na mtakaosoma mhadhara huu ukichapwa: kozi ya miezi sita ikatwe vipande viwili vya miezi mitatu, kimoja cha mvua na kimoja cha jua, kijana awe kazini katikati. Walimu ni walewale, karakana ni zilezile, na fedha haiongezeki hata shilingi.